Maji Yalimwagika

Mwanangu Kabula,

Nakuandikia nikiwa darasani, darasa la tano, saa kumi jioni. Watoto wameshakwenda na vumbi la mafagio yao bado linaelea. Nimechana karatasi za katikati ya daftari, kosa ambalo nimewachapia watoto wa watu miaka ishirini. Hao hao nimewafundisha kuanza barua kwa salamu, kisha "dhumuni la barua hii", kisha hali ya nyumbani. Salamu nitakupa mwenyewe ukirudi nyumbani jioni hii. Hali ya nyumbani unaijua, umo ndani yake. Dhumuni ndilo linalonishinda, na karatasi mbili zimeshaishia kwenye kapu.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Ameshakwambia usilale usingizi mzito Kaliua mnapobadilisha treni, ameshakutajia ndoo, shuka, bahasha ya vyeti, na yule binti wa shangazi yako atakayekupokea Tabora. Kwenye hayo sina la kuongeza, na ningeongeza mngenicheka nyote, maana mimi ndiye niliyewahi kusafiri mpaka Urambo na funguo za stoo ya shule mfukoni.

Nataka tuongee juu ya jambo ulilolisema jana ukikunja nguo.

Mama yako alikuwa anakupa kile kitenge cha kijani. Akakutania, "Hiki kitunze, ndicho utakachombebea mjukuu wangu." Wewe ukatabasamu kidogo, wala hukuinua kichwa, ukasema: "Mama, mimi sitazaa. Mtu aliyemuunguza mtoto hafai kupewa mtoto mwingine." Kisha ukachukua blauzi nyingine, ukaikunja vizuri, ukaiweka juu ya kitenge. Hukulia. Ungelia ningepata pa kuanzia. Ulisema kama mtu anayetaja siku aliyozaliwa.

Masele alikuwa amesimama mlangoni. Alishika kiwiko cha mkono wake wa kulia, ule usionyooka, akatoka nje. Mama yako akanitazama mimi, akingoja baba mtu aseme neno. Nami nikasema, "Aa, hayo mambo yameshapita."

Yameshapita. Jana nilirudia neno hilo kichwani mpaka chakula kikapoa. Mambo yamepita yenyewe, kwa miguu yao, na mimi nimekaa pembeni nayatazama. Mwalimu wa Kiswahili ana bahati mbaya hiyo: anaweza kudanganya kama watu wengine, ila hawezi kujizuia kuona amedanganya kwa kiambishi gani.

Basi naandika, kabla mkono haujabadili nia. Kabula, wewe hukumuunguza Masele. Mimi ndiye niliyemuunguza. Sufuria ilikuwa mikononi mwangu, maji yalikuwa yanachemka, na niliyamwaga mimi.

Sentensi hizo zimenichukua miaka kumi na miwili. Zitazame: hazina neno gumu hata moja, mtoto wa darasa la pili angezisoma bila kukwama.

Na najua unachofanya sasa hivi. Unatikisa kichwa. Unasema, Baba ananihurumia, anataka nisafiri na moyo mweupe, kwa hiyo anajitwisha mzigo wangu. Huniamini kwa sababu unakumbuka. Unakumbuka sufuria, unakumbuka upande ulipotokea moshi, unakumbuka Masele alivyolia. Ndiyo sababu barua hii itakuwa ndefu. Kukwambia ukweli ni mstari mmoja, lakini kukushawishi kwamba kumbukumbu yako mwenyewe niliitengeneza mimi, tena kwa sarufi, hilo linanitia jasho.

Nianze na siku yenyewe. Tulikuwa bado Magamba, kwenye ile nyumba ya mwalimu yenye jiko la nje. Ilikuwa Jumamosi. Mama yako alikwenda kupalilia karanga tangu asubuhi, na mimi nilibaki na nyie wawili, wewe una miaka sita, Masele hajatimiza miwili na nusu. Saa kumi kulikuwa na mpira redioni, na nilikuwa nimewaalika walimu wenzangu waje kuusikilizia kwangu. Nilitaka ugali uwe umeiva kabla hawajafika, wasinikute nimechutama jikoni kama mke wa mtu. Nakuandikia hilo lilivyokuwa, ulione lilivyo dogo. Nilikuwa na hasira kwa sababu ya aibu ya kupika.

Masele alikuwa anaota meno ya nyuma, analia tangu adhuhuri, anataka kubebwa. Alinishika suruali. Nikamwambia, "Niache." Akashika tena. Nikautikisa mguu, akakaa chini, akainuka, akashika tena. Jiwe moja la jiko lilikuwa limelegea, nikaipua sufuria ili niliweke sawa. Nikasikia kile kimkono kimenikamata kwa mara ya nne. Nikageuka kwa nguvu. Kabula, sikuteleza. Niligeuka kwa makusudi, nikitaka aanguke chini ajifunze kusikia. Maji sikuyataka, kuanguka nilikutaka. Kati ya hayo mawili nimejaribu miaka yote kupata nafasi ya kujificha na sijaipata.

Wala sikuwa nimelewa. Mara nyingi nimetamani ningekuwa nimelewa.

Jirani yetu Mama Eliya, yule mama wa Kirundi aliyekuwa anatuuzia mihogo, alisikia kilio akapita kwenye uzio bila kutafuta mlango. Akamchukua mtoto, akaita maji ya baridi, akanitazama na ile sufuria tupu. "Mwalimu, kumetokea nini?"

Nikasema, "Maji yamemwagika."

Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Unaona? Sikusema uongo. Maji yalikuwa yamemwagika kweli, yalikuwa pale chini yanatoa mvuke. Ningesema "mbuzi kayamwaga", ungekuwa uongo, na uongo una kawaida ya kukamatwa. Mimi nilichagua kauli ya kutendeka, ambayo haina uongo wala haina mtu. Kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, maji yamemwagika. Lugha yetu imetupa mlango wa nyuma na kila mtu anautumia, hata kwa mambo yasiyo na ubaya. Mimi nilitoka kwa mlango huo nikiwa nimemwacha mtoto ndani.

Zahanati, muuguzi aliandika kwenye kadi: "Amemwagikiwa na maji ya moto." Niliisoma kadi kichwa chini, nimesimama upande wa pili wa meza. Katika hali ile, mtoto anapiga kelele hadi sauti inakauka, mimi nilikuwa nachambua lile neno. Mzizi wa kumwaga upo. Kutendeka kupo. Kutendea kupo. Kutendwa nako kupo. Neno moja limebeba vinyambuo vitatu vyote, na bado halina mtu aliyeshika sufuria. Nilipumua. Ndiyo, nilipumua, na tangu siku ile sijaipenda pumzi ile.

Mama yako alirudi jioni na jembe begani. Walishamwambia njiani. Alimkuta Masele amefungwa bandeji hadi bega, amelala kwa dawa. Akaniuliza, nikasema maneno yale yale, maji yamemwagika. Mama yako hakuwa mwalimu wa sarufi, lakini yeye, kama binadamu yeyote, hakuweza kukaa na sentensi isiyo na mtu. Akageuka akakutazama wewe, ulikuwa umekaa kwenye mkeka umekunja magoti. Akasema, "Kabula, si nilikuacha umwangalie mdogo wako?"

Ulinitazama mimi. Ulikuwa na miaka sita, na ulikuwa unamwangalia mtu mmoja duniani aliyejua jibu.

Nikasema, "Mwache mtoto. Ni ajali."

Watu walinisifu kwa maneno hayo. Mwalimu ana roho nzuri, walisema, hata hakumchapa. Nilikusamehe mbele za watu kosa ambalo hukulitenda, na wewe ukausikia msamaha. Mtoto akisamehewa anajua amekosa. Sijui kama ningekuchapa ungeamini zaidi kuliko hapo.

Bibi yako alikuja wiki ya pili, akitokea kwa baba yako mdogo na ng'ombe wake. Yeye Kiswahili alikuwa anakitumia sokoni tu. Alimwangalia mjukuu, akaniuliza kwa Kisukuma ni nani aliyemwaga. Hakuuliza kumetokea nini kama wengine, alianza na nani moja kwa moja. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Yalimwagika tu, Mama." Mama yangu mzazi ananiuliza kwa lugha aliyoninyonyeshea, na mimi namjibu kwa lugha ya ofisi. Hakuuliza tena. Alipoondoka hakunipa mkono, akasema mkono wake una majivu.

Nimefikiri sana juu ya Kisukuma chake. Katika lugha ile kitenzi chenyewe kinakwambia kama jambo ni la leo, au la jana, au la zamani zilizokwisha poa. Kiswahili kinayatia yote kwenye "li" moja: nilikula asubuhi, nilizaliwa Kwimba, nilimwaga maji. Ningelazimika kumjibu bibi yako kwa Kisukuma kila mwaka, sijui mwaka gani ningethubutu kulitoa lile jambo kwenye umbo la leo na kulipeleka kwenye umbo la zamani. Mpaka sasa ningesema kwa umbo la leo. Labda ndiyo sababu nilikimbilia Kiswahili.

Sasa nije kwako, maana hapa ndipo penye kesi.

Mwaka wa kwanza, watoto wenzako wakiuliza mkono wa Masele una nini, ulikuwa unajibu kama nilivyojibu mimi: "Maji yalimwagika." Nilikusikia mara nyingi. Ulipofika miaka minane ukaanza kusema, "Maji yalimwagika nikiwa jikoni." Hilo nilikuwa sijawahi kukwambia. Nilisimama nyuma ya dirisha nikasikia neno jipya limeingia, nikajiambia watoto wana maneno mengi. Miezi kadhaa baadaye kukawa na sufuria isiyo na mkono. Kisha kukawa na kanga ya bluu uliyokuwa umeshikia sufuria. Kila mara hadithi ilikuwa inaongeza kipande, na kila kipande kilikuwa kinakusogeza wewe karibu na moto.

Hukuwa mwongo. Sentensi yangu ilikuwa na nafasi tupu pale anapokaa mtenda. Mimi niliihama. Mama yako kwa swali moja alikuelekezea wewe. Akili ya mtoto haiwezi kuvumilia nafasi kama hiyo, ikakuweka wewe, kisha ikatafuta vitu vya kuizunguka ili ionekane kweli: moshi, kanga, sauti. Niliposomea ualimu niliambiwa kumbukumbu zinakuja kwanza na maneno yanafuata kuzieleza. Kwako nimeona maneno yakitangulia na kumbukumbu zikija nyuma, zinakaa pale palipoachwa wazi.

Na ningeweza kukuzuia. Ninakuja kwenye siku ambayo hata nikisahau mambo mengine yote, hiyo sitaisahau.

Ulikuwa darasa la tano, darasa langu. Niliwapa insha ile tunayowapa kila mwaka, "Siku Ambayo Sitaisahau". Wengine waliandika juu ya kipaimara, juu ya fisi aliyeingia zizini. Wewe uliandika ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wako ule wa kulala. Na katikati uliandika: "Maji ya moto yalimwagika na mimi juu ya mdogo wangu."

Unajua mimi ni mtu gani mbele ya sentensi kama hiyo. Kauli ya kutendeka haichukui mtenda. Hatusemi "yalimwagika na mimi". Ni kosa la kila mtoto wa huku kwetu, nimelisahihisha mara elfu. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi na rundo la madaftari arobaini. Nikakata mstari chini ya "yalimwagika", nikaandika pembeni kwa mkono wangu: "Kosa. Sema: yalimwagwa na mimi. Au: niliyamwaga."

Kabula, niliandika hivyo. Mtoto wangu alikuwa ameandika sentensi iliyokwama katikati, nusu yake bado ilikuwa inakataa, bado ilikuwa inasema maji yalimwagika. Labda ndani yako kulikuwa na kitu kilichokuwa hakijakubali. Mimi baba yako nikakunyooshea. Nilikufundisha kukiri kosa langu kwa Kiswahili sanifu.

Nikakupa alama kumi na nane kati ya ishirini. Nikafungua daftari linalofuata. Nilikuwa nimeshasahihisha mawili matatu ndipo nikajikuta nasoma mstari mmoja mara tatu, na hata hapo nikajiambia ni uchovu. Keshoyake uliniletea masahihisho. Uliandika mara tano, kama nilivyokuwa nawataka wote: Niliyamwaga. Niliyamwaga. Niliyamwaga. Niliyamwaga. Niliyamwaga. Nikaweka alama ya vema, nikatia sahihi.

Tangu hapo sikukusikia tena ukisema yalimwagika.

Shuleni hapa, watoto wamenipa jina, wanadhani silijui. Wananiita Mwalimu Nani. Mtoto akija kuniambia, "Mwalimu, rula imevunjika," namjibu, "Ina miguu? Ilitembea ikajivunja? Nani?" Nasimama naye mpaka aseme nimevunja. Wazazi wanapenda, wanasema nawafundisha watoto ukweli. Nilianza tabia hiyo mwaka ule ule wa insha yako. Walimu wenzangu wanadhani ni ukali. Ni woga, mwanangu. Nilikuwa nawakamua watoto wa watu lile neno ambalo halikutoka kwangu.

Mama yako nimemwambia jana, baada ya wewe kwenda kuwaaga rafiki zako. Nilimwita uani nikamwambia kwa sentensi fupi, mtenda mbele. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea aulize juu ya Masele. Akasema, "Baba Kabula, ulinifanya nimwulize mtoto wangu swali lile." Akaendelea: "Miaka yote ninamwona anambebea mdogo wake maji, anamfulia, anamkatia nyama, nasema nina binti mwenye moyo. Kumbe alikuwa anatumikia kifungo." Kisha akaniambia kwamba ukipanda treni kesho hujajua, yeye atapanda na wewe hadi Kaliua akwambie njiani, na kurudi nyumbani kwangu atafikiria akiwa huko huko. Tangu hapo hajanisemesha. Uji wa asubuhi aliuweka mezani, akageuza kikombe mpini ukaangalia kwake.

Masele nimemwambia leo mchana. Mkono ni wake, niliona haifai asikie wa mwisho. Alikuwa anatia upepo baiskeli kwa ule mkono wa kushoto. Hakuacha kutia upepo. Akauliza, "Dada analijua hilo?" Nikasema bado. Akapiga pampu mara mbili tatu, gurudumu likawa gumu kama jiwe, bado anapiga. "Kwa hiyo mwaka jana alipokataa kwenda kwenye yale mashindano ya michezo ya kanda ili anifulie sare, wewe ulikuwa umekaa pale kwenye kiti?" Nikasema nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaondoka kwa miguu. Sijui yuko wapi. Ukimwona njiani kabla hujafika nyumbani atakwambia yeye, na sitakuwa na haki ya kulalamika.

Naogopa, Kabula. Naandika haraka kwa sababu hiyo. Naogopa utasoma hadi hapa na utaikunja barua, na kesho utanipa mkono stesheni kama unavyompa mtu wa ofisi ya elimu. Naogopa zaidi kwamba hutakasirika kabisa, utaniambia "yameisha, Baba", kwa upole wako ule, ukaenda nayo Tabora, na bado ukawa unajiona na ile sufuria. Hasira zako nitazipokea. Upole huo ndio sitaki unipe.

Unakwenda kuwa mwalimu. Sina ushauri mkubwa, nimekuonyesha aina ya mwalimu niliye. Ila mtoto akija kukwambia kitu kimevunjika, usimrukie na "nani" kama mimi. Mngoje. Na ukisikia mtu mzima anasema hivyo, imemwagika, imepotea, ilitokea, usimtazame yeye kwanza. Tazama ni mtoto gani amesimama karibu.

Msamaha sitauomba kwenye karatasi. Karatasi haina uso. Nitauomba nimekaa mbele yako, na unaweza kuninyima.

Lakini kwanza nataka uamini, na hadi sasa sidhani kama umeamini. Unasema moyoni: mbona naiona kanga ya bluu? Kanga ya bluu mama yako aliipata mwaka uliofuata, alipewa kwenye harusi ya mdogo wake, muulize. Mbona naiona sufuria isiyo na mkono? Sufuria ile ilivunjika mkono hapa mjini, tulipohamia Kawajense. Nimesema ilivunjika. Niliivunja mimi, niliidondosha tukishusha mizigo. Moshi ni moshi wa siku zote, kila jiko linao. Kilio cha Masele ulikisikia wiki nzima akibadilishwa bandeji. Kila kitu unachokiona ni cha kweli, ila kimetoka siku nyingine.

Hata hapo unaweza kunibishia. Unaweza kusema, haya, basi ulimwaga wewe Baba, lakini mimi niliachiwa mtoto na sikumwangalia. Nakujua. Utatafuta mahali pa kubaki na hatia japo kidogo, maana umeizoea.

Kwa hiyo nikwambie la mwisho. Saa tisa siku ile nilijaribu redio, ikawa inanong'ona tu. Nilikuita. Ulikuwa umemkalisha Masele kivulini unamwimbia, unafanya hasa ulichoagizwa na mama yako. Nikakwambia mwache, nenda dukani kule barabarani ukaniletee betri mbili. Ukasema, "Mama kasema nisimwache." Nikakwambia, "Mimi ndiye baba yenu, nenda." Ukaenda unaruka kwa mguu mmoja, ndivyo ulivyokuwa unakwenda kila mahali mwaka ule. Mwenye duka alikuwa amekwenda kula, ukamngoja kwenye ngazi. Uliporudi uani kwetu palikuwa pamejaa watu na maji yalikuwa yameshanyonywa na udongo. Ulisimama nyuma ya migongo ya watu wazima, betri moja kila mkono, unauliza kuna nini na hakuna anayekujibu. Nilikuona. Nilikuwa nimembeba Masele nakimbilia zahanati, nikakupita karibu hata nguo zetu zikagusana, na nilijua kabisa ulikotoka.

Hukushika sufuria. Hukumwacha mdogo wako. Hukuona hata tone la maji yale likianguka.

Hukuwepo, Kabula. Mwanangu, hukuwepo.

Baba yako